Wote Wangu

Mtoto haazimwi. Kinu huazimwa, mbuzi ya nazi huazimwa, hata kanga ya kwendea msibani huazimwa ikarudi na harufu ya marashi ya mtu mwingine. Lakini mtoto haazimwi, hata kwa asubuhi moja, hata kwa nia safi kama maji ya mvua. Sabiha wa Tongoni alimwazima wake, na nusura wasomi waondoke naye.

Maneno yalianzia kwenye karai la bajia. Sabiha alikuwa akikaanga pale karibu na lango la shule, kama kila siku, mwenyekiti Jumbe akatokea amevaa shati la Idi siku isiyo ya Idi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Sabra. Zimeiva?"

"Ndiyo zinaiva."

"Nipe mbili za kuonja."

Mwenyekiti alikuwa anaonja tangu siku aliyochaguliwa, na mpaka leo hajajua kama ni tamu. Alitafuna, akafuta vidole kwenye nguzo ya kibanda, akasema, "Wageni wanakuja. Wasomi, na gari lao. Wanatafiti ustawi wa watoto."

"Ustawi ndiyo nini tena?"

"Kujua mtoto yuko vizuri au hayuko vizuri."

"Si wamtazame tu?"

"Kwa kumtazama tu wangepewa gari?" Jumbe akacheka peke yake. "Sasa sikiliza. Wanataka watoto waliopitia magumu. Yatima tunao, maskini ndiyo usiseme. Lakini wanaowataka hasa hasa ni waliokimbia vita. Na wa vita, kijiji kizima, tunaye mmoja tu. Tumebahatika, Mama Sabra! Mwera huko nasikia hawana hata mmoja. Jina la nyumba yako nimeshalipeleka."

Mwiko wa Sabiha ukasimama ndani ya mafuta.

"Umelipeleka bila kuniuliza?"

"Kila nyumba itakayohojiwa inapata godoro," alisema Jumbe. "Magodoro yenyewe yako kwangu tayari. Na bajia zako zinaungua."

Ziliungua kweli, karai zima.

Mtoto aliyetajwa ni Nasra. Mama yake alikuwa dada wa Rahimu, mume wa Sabiha, akaolewa na mfanyabiashara ng'ambo ya Ruvuma. Vita ilipofika kwenye mji wao, aliyerudi ni mtoto peke yake, ameshikwa mkono na watu asiowajua. Mpakani waliuliza, akajibu. Alikopokelewa waliuliza, akajibu. Halafu, akiwa ameshafika Tongoni, amevaa sare na ana daftari, mgeni mmoja akaja shuleni, akampa pipi, akamuuliza, "Ulimwona nani akifa?" Nasra alirudi nyumbani na ile pipi mkononi haijafunguliwa, akafunga mdomo tangu Mfungo Mosi mpaka Maulidi. Si shikamoo, si nipe maji. Kimya kama ukuta.

Alipofungua tena mdomo, neno la kwanza lilikuwa "mama". Alimwambia Sabiha. Kwa ujamaa wao alipaswa kumwita mkaza mjomba, ila Sabiha alishakataa jina hilo siku ya kwanza. Alijifunga kanga, akapita nyumba kwa nyumba kuapisha watu. Waislamu aliwaapisha kwa Msahafu, Wakristo kwa Yesu wao. "Nisimsikie mtu anasema huyu wa kuzaa, huyu wa kuja. Hata akija nani, akiuliza nini. Wote wangu." Na watu wa Tongoni, ambao hawakuwahi kukubaliana hata siku ya kufagia kisima, kwa hilo walikubaliana. Maana mtoto habaguliwi mbele za watu. Hata asiyejua kusoma analijua hilo.

Basi sasa Nasra alikuwa anacheka, anaruka kamba, anakula bada ya muhogo na kisamvu mpaka anafuta sahani. Alipenda viatu vyake vya Idi hata akalala navyo. Sabiha akiviona vile viatu vimetokeza kwenye shuka alikuwa akitabasamu: mtoto akipenda kitu ni dalili njema. Aliapa kwamba hakuna kiumbe atakayemuuliza tena mtoto yule habari za vita. Na mwenyekiti alishapeleka jina.

*

"Tukikataa?" alimuuliza mumewe.

Rahimu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amechuchumaa uani mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, spana mkononi. "Tukikataa watasema tunamficha. Wanaoficha mtoto ni wanaomtesa mtoto. Watarudi na polisi."

"Tukikubali atafunga mdomo tena. Safari hii huenda asiufungue."

"Sasa nifanyeje mimi, Mama Sabra? Nizibe barabara?"

Sabiha alikaa kitako, akafikiri. Na Sabiha akifikiri, majirani hufunga kuku zao.

"Sura wanaijua?"

"Akina nani?"

"Hao wasomi. Sura ya Nasra wanaijua?"

"Wataijulia wapi?"

"Basi tutawapa Sabra."

Spana ilimponyoka Rahimu, ikaanguka kwenye majani. Alikuja kuitafuta baadaye, hakuiona tena.

"Tunawapa Sabra, wanamuuliza ya vita, anawajibu, wanaondoka zao. Yeye hakuona chochote, hakuna kitakachomuuma. Nasra anabaki kuwa Sabra kwa saa moja. Huko ni kudanganya? Si nimesema wote wangu?"

Rahimu akakuna kichwa. "Mke wangu, Sabra akianza kusema hanyamazi."

Hapo alisema kweli. Sabra alikuwa mtoto wa mashavu, mdogo kwa Nasra kwa mwaka hivi, na shule yake ya kwanza ilikuwa magofuni. Tangu hajaota meno ya mbele alikuwa akiwafuata wageni wanaokuja kutazama msikiti wa kale na makaburi, akiwasimulia. Kaburi hili la sultani aliyeoa samaki. Lile la bibi aliyekufa kwa kucheka. Wageni walimsikiliza kuliko kiongozi wao, na wakati mwingine waliandika.

"Ndiyo maana anafaa," alisema Sabiha.

*

Mazoezi yalifanyika uani, mchana, Sabiha akitwanga kisamvu. Nasra alikuwa pembeni anachambua kunde za bajia. Sabiha alimwambia tu kwamba kuna wageni wanakuja na kwamba yeye siku hiyo ataitwa Sabra, ni mchezo. Nasra alisema haya.

"Anza," Sabiha alimwambia Sabra.

Sabra alikohoa kama imamu. "Siku hiyo tulikuwa tumelala. Mara tukasikia ngurumo! Wakaja. Wamepanda tembo—"

"Tembo waondoe."

"Wachache tu, mama?"

"Hata mmoja. Endelea."

"Wakaja na magari makubwa, yanawaka moto, na honi zao zinalia paa, paa, paa—"

"Walikuja kwa miguu," alisema Nasra.

Mchi wa Sabiha ulibaki juu.

Nasra hakuinua uso kwenye ungo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusema mafuta yamekwisha. "Walikuja kwa miguu, hawakupiga kelele. Na wewe usilie. Ukilia watakupa maji, watasema pumzika, halafu watarudi kesho kuuliza tena. Sema haraka haraka. Ukimaliza waambie nimemaliza."

"Na nikisahau?" Sabra aliuliza.

"Sema hukumbuki. Wakisikia hukumbuki wanafurahi, wanaandika sana."

Kisha paka akapita na kichwa cha dagaa mdomoni, Nasra akamcheka mpaka kunde zikamwagika. Sabiha akaushusha mchi taratibu.  Jioni alimwambia Rahimu, "Mtoto yuko vizuri, wallahi. Hata anamsaidia mdogo wake." Na Rahimu, aliyetaka kuamini hivyo hivyo, akasema alhamdulillahi.

Siku zile nyumba ilikuwa imeingiwa na wizi mdogo mdogo wa kuudhi. Ndala za Sabra zilipotea. Sufuria ndogo ya chai ikapotea. Kiberiti kilikuwa hakikai. Sabiha alimtazama kwa jicho la pembeni jirani yake Mama Queen, mwanamke wa Kilutheri aliyetoka mashamba ya mkonge na mumewe Ernesti, akawa hamjibu vizuri hodi zake.

"Mama Sabra, una nini na mimi?"

"Sina kitu. Hata sufuria sina."

"Sufuria yako imeingiaje?"

"Iliingia kwa mtu. Haijatoka."

Basi Mama Queen akaondoka akiguna, na mambo yakawa hivyo.

*

Siku ya wageni Jumbe alipita alfajiri akihimiza kijiji kichakae. Dishi la kuvutia televisheni kwenye paa lake alilifunika kwa makuti. Aliyevaa viatu aliambiwa avue. Mama Queen alimvika Queen gauni la kufutia sakafu.

"Huyu naye ameathirika," alimweleza mwenyekiti.

"Na nini?"

"Baba yake anapenda kutazama mieleka."

Jumbe akamwandika.

Msichana aliyeshuka kwenye gari aliitwa Ritha. Alikuwa mpole, amechoka, ana tableti iliyovalishwa mfuko wa rangi ya chungwa. Alimwamkia Sabiha shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na Sabiha akaona aibu. Kumdanganya mtu mwenye adabu ni kazi. Ritha alieleza: majina hawaandiki, ni siri. Atamhoji mtoto aliyepitia vita, kisha atamhoji mwenzake wa nyumba hiyo hiyo ambaye hakupitia, apate kuwalinganisha.

"Aliyepitia ni yupi, mama?"

Sabiha alimsukuma Sabra mbele.

Ritha alimwonyesha Sabra picha za nyuso, zimepangwa kuanzia ya kucheka mpaka ya kulia. "Mwanangu, ukikumbuka kule ulikotoka, moyo wako unafanana na uso upi?"

Sabra alizikagua kama mtu anayechagua samaki. Akagusa ya kulia. "Huu. Ila hamna unaolia zaidi?"

"Hamna."

"Basi uandike huu, halafu uandike sana."

Ritha akaandika. Sabra akaanza. Alianza vizuri, kwa miguu, bila kelele, kama alivyofundishwa. Lakini alipoona macho ya Ritha yamejaa maji, tabia ya magofuni ikampanda. Tembo walirudi. Walirudi na watoto wao. Akatokea kamanda mwenye jicho moja, akatokea papa mtoni, akatokea bibi aliyekufa kwa kucheka. Sabiha aliyekaa mlangoni alikuwa akikohoa, akikohoa, mpaka Ritha akamletea maji. Mwisho Sabra akasema, "Hapa katikati sikumbuki," na Ritha, sawasawa na maneno ya Nasra, akaandika kwa muda mrefu.

Kisha akaja Nasra, aliyeitwa Sabra.

"Unalala vizuri, mwanangu?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Kuna kitu kinakutisha?"

Nasra alitazama ile tableti, akatazama gari, akatazama njia inayotoka uani. "Hakuna."

Alipoonyeshwa nyuso aligusa ya kucheka kabla Ritha hajamaliza kuuliza. "Nimemaliza?"

"Umemaliza, mama. Umejibu vizuri sana." Ritha akamgeukia Sabiha. "Huyu yuko vizuri kuliko watoto wote niliowahoji mkoa mzima."

Sabiha, Mungu amsamehe, alijisikia amepewa cheti.

*

Baada ya siku chache gari lilirudi na mtu mkubwa. Aliitwa Daktari Methusela, mwanamume wa sauti laini, anayekaa akiinamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mtu. Jumbe alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Jumbe kijiji.

"Mama," alisema Daktari, "tumepitia majibu. Mtoto yule amebeba mengi. Majibu yake ndiyo mazito kuliko yote. Hafai kubaki bila matibabu. Kuna kituo huko milimani, upande wa Amani, kwenye baridi na utulivu. Tumempatia nafasi. Tunaondoka naye leo."

Sabra alitokea nyuma ya nyumba akicheka, embe mkononi, juisi mpaka viwikoni.

"Mnamwona anavyocheka?" Daktari alinong'ona. "Kicheko cha kujikinga."

"Anakula embe," alisema Sabiha.

"Anakula kwa hofu."

 Sabiha akaona hapa hakuna la kuficha tena. Alipiga magoti palepale mchangani. "Daktari, nisikilize. Nimekosa. Huyu si yeye. Huyu ni Sabra, nimemzaa mimi, hospitali ya Tanga, hajawahi kuvuka hata Pangani. Hiyo vita anaisikia tu. Ni mimi niliyemfundisha."

Daktari alimwinua kwa upole, akamkalisha. "Ni kawaida kabisa, mama. Mlezi akipenda sana, hukana."

"Sikani! Nakiri!"

"Kukiri huku nako ni namna ya kukana."

"Sasa nisemeje ndipo mniamini?"

"Usiseme kitu. Pumzika. Mpeni maji."

Sabiha akaigeukia hadhara. "Majirani! Semeni! Mwenyekiti, waambie huyu ni wa nani."

Jumbe alitazama viatu vyake ambavyo hakuvivaa. "Wote wako, Mama Sabra."

"Mwenyekiti!"

"Uliniapisha kwa Msahafu. Hata akija nani, akiuliza nini. Nilishika mkono juu."

"Leo nakuruhusu!"

"Kiapo hakina leo."

"Mama Queen! Shoga yangu! Sema wewe."

Mama Queen alijitokeza mbele, amejifunga kibwebwe. Alikuwa bado na donge la ile sufuria, lakini alilimeza kwa ajili ya haki, akasimama imara kama nguzo. "Daktari, mimi nimeapa kwa Yesu wangu. Mama huyu watoto wake wote ni wake. Hakuna wa kuja hapa. Anayesema yupo ni mwongo, hata akiwa mama mwenyewe." Akamkonyeza Sabiha, kumwonyesha: nimekutetea, shoga.

"Asante, mama," alisema Daktari kwa huzuni. "Jamii nzima inakana."

Rahimu alikuja mbio kutoka kwenye baiskeli zake, mikono imejaa grisi. Alisema mtoto ni wake, wakamwambia wanajua. Alisema ni wa kumzaa, wakampa pole.

Wakati huo Sabra alishapanda garini mwenyewe. Kiti kilikuwa kinanesa. "Mimi ndiye Nasra!" alipiga kelele dirishani. "Naenda Amani! Queen, kwaheri!" Mpaka dereva alipofunga mlango, na mlango ukasema kop. Hapo uso wa Sabra ukavunjika. Alipiga kioo kwa viganja, na alama za embe zikabaki kwenye kioo. "Mama! Mama! Nataka mama!"

Daktari Methusela alivua miwani. "Tazameni. Anamlilia marehemu."

Sabiha hakujua kwamba binadamu anaweza kutoa sauti ile aliyoitoa. Alilikimbilia gari, Rahimu akalikimbilia, Jumbe akawa anamshika huyu akimwacha yule, mwenyekiti wa watu hajui awe upande gani.

Ndipo Nasra alipotoka ndani.

Alitoka bila haraka. Amevaa viatu vya Idi, kamba zimefungwa fundo mbili mbili. Mgongoni ana kibunda cha kanga, kikubwa, kimefungwa kwa mtindo wa mtu anayejua kufunga. Alipita katikati ya watu wazima waliokuwa wakipiga mayowe, akafika kwenye gari, akagonga mlango.

"Mimi niko tayari," alimwambia dereva. "Huyu mwacheni. Hajui kukimbia."

Sabra aliacha kupiga kioo.

Ritha alikuwa amesimama upande ule. Alichutama mbele ya Nasra. "Wewe si ndiye uliyeniambia hakuna kinachokutisha?"

"Wenye gari huwa nawaambia hakuna."

"Na hiki ni nini?"

"Vya siku ya kukimbia."

Nasra aliona msichana yule haelewi, akaweka kibunda chini, akakifungua mwenyewe. Makopa, vipande vya muhogo mkavu, vimefungwa kwenye mfuko. Viberiti, vyote vilivyowahi kupotea. Sufuria ndogo ya chai. Mama Queen alipoiona sufuria alimtazama Sabiha. Ndala za Sabra. Kanga moja kuukuu ya Sabiha iliyodhaniwa imeliwa na panya. Na chini kabisa, imezungushiwa kitambaa, spana.

"Spana ya nini?" Ritha aliuliza.

"Ya mjomba. Huko tutakakofika atatafuta kazi."

Rahimu aligeuka akautazama ukuta.

"Hivi vitu," alisema Sabiha, "tangu lini umeviweka, mwanangu?"

"Makopa tangu nilipofika. Vingine kidogo kidogo."

Na viatu. Sabiha alivikumbuka vile viatu vilivyotokeza kwenye shuka kila siku, na yeye amesimama juu yake anatabasamu. Mtoto alikuwa hakuvipenda. Alikuwa akingoja.

Daktari Methusela naye alikuwa amechutama sasa, uso umechangamka kama wa mtu aliyeokota pete. "Kumbe ni huyu! Hii ni ajabu. Ritha, fungua tableti. Tuanze upya na huyu, maswali yale yale." Akamgeukia Nasra kwa ile sauti yake laini. "Mwanangu, usiogope. Siku ile walipokuja, wewe ulikuwa—"

"Haulizwi," alisema Sabiha.

Alikuwa ameokota mwiko wake wa bajia, mrefu, mweusi kwa mafuta. Alisimama kati ya Daktari na mtoto. Mguu wake mmoja ulikuwa na ndala na mwingine hauna, kilemba kimemwangukia begani.

"Mama, ni kwa faida ya watoto wengine."

"Hao nao wana mama zao. Huyu haulizwi."

"Godoro—" alianza Jumbe.

"Lalia wewe!"

Daktari alinyoosha mkono bila kugeuka. "Ritha, tableti."

Ritha alikuwa ameishika. Taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka, kila aliyesimama upande ule aliiona. Aliitazama taa, akamtazama Nasra aliyekuwa anarudisha makopa kwenye mfuko, moja moja. Akaifunga tableti kwenye mfuko wake wa chungwa, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Betri imekwisha, Daktari."

"Si uliichaji asubuhi?"

"Imekwisha."

Kisha akafungua mlango wa gari, akamshusha Sabra. Sabra alimrukia mama yake shingoni, embe, makamasi, na vyote.

*

Gari liliondoka. Kwenye majibu waliyokwenda nayo mtoto wa vita wa Tongoni alitishwa na tembo na papa, na mwenzake alikuwa na furaha kuliko watoto wote mkoani. Hakuna aliyeyafuta. Jumbe alileta godoro baadaye, maana magodoro yaliyokwisha kuandikwa yalipaswa kugawiwa, na juu yake alikuwapo kuku ameatamia, hataki kushuka. Mama Queen alipelekewa sahani ya bajia na maneno ya kuomba radhi. Alizila bajia, maneno akasema atayafikiria.

Alasiri ile, gari lilipokwisha kwenda, Sabiha alikaa uani na Nasra. Kibunda kilikuwa kati yao, wazi. Sabra alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka, amechoka kwa kulia, na mara moja moja anashtuka usingizini akisema wanakuja. Sabiha alimwekea mkono mgongoni. Hilo ni deni lake, na alijua litachukua muda kulilipa. Uongo wa mama umeingia mahali pa kweli, na mtoto sasa anaogopa vita ambayo hakuiona.

Maneno yalimjaa Sabiha mdomoni. Alitaka kumwambia Nasra hapa hakuna vita, fungua, toa, vua viatu ulale kama watoto. Alimtazama yule mtoto anavyokunja kanga kuukuu, ncha kwa ncha, akaona kwamba maneno hayo ni ya kumpumzisha yeye msemaji. Mtu aliyeambiwa hapa hakuna vita, na vita ikaja, utamwambia nini tena?

Akavuta ile sufuria ndogo. Akaifuta kwa upindo wa kanga yake, akaiingiza kibundani, akaigeuza vizuri isichome mgongo. Akaweka ndala. Akaweka spana.

Nasra aliacha kukunja. Alimtazama mkaza mjomba wake kama anamwona mara ya kwanza.

"Kimepungua nini?" Sabiha aliuliza.

Ni swali moja tu alilomuuliza alasiri ile, na mtoto hakulijibu upesi upesi ili amalize. Alifikiri. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Chumvi, mama."

Sabiha aliinuka, akaenda jikoni, akamfungia chumvi.